Kasereka alishuka kwa velo kusalimia bokilo wake, club ikasema kosa ni yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Butembo.

Kiswahili yangu ni ya huku kwetu, ya kuchanganya na Kifaransa. Mwenye hataki aruke huu uzi, hapana kunirekebisha. Chumvi ya kuongeza sina. Wakati wa mambo haya hata ile chumvi ya Kasindi, kule mupaka wa Uganda, ilikuwa inapita kwa tabu. Nitaandika vile ilikuwa, basi.

Niko kwa cyber. Mutoto iko kwa mugongo, amelala. Akiamuka nitakata.

Nimeona hapa batu banauliza mambo ya kuendesha velo, yaani baiskeli, kwa kikundi: bakae mbali namna gani, nani mbele, nani nyuma. Majibu mengi ni ya batu wenye barabara ya lami. Mimi niliendesha mu club, kwa barabara ya Butembo na Beni, wakati wa vita. Donc nisikilizeni kidogo.

Bon.

Wakati ile rébellion, batu ba uasi, njo ilikuwa serikali huku. Magari ilikuwa kidogo sana. Ingine ilichukuliwa na basoda, yaani askari, ingine ilifichwa bila mipira, ingine ilikosa essence, petroli. Mutu wa kutoka Butembo kwenda Beni alikuwa anaenda kwa miguu ao kwa velo.

Na peke yako hapana. Ukifika peke yako kwa barrière, kule bamefunga barabara na kamba, musoda anaona vitu viwili: velo ya kuchukua na mugongo wa kubebesha. Unabeba masanduku yake mpaka kule anataka yeye. Bamoja balirudi. Bengine mpaka leo hatujui.

Njo club ikakuwa na kazi.

Ilikuwa club ya sport, ya mbele ya vita kuanza. Balikuwa banafanya course, mashindano, siku za fête, batu banapanga pembeni ya barabara banapiga mikono. Vita ikamaliza course, mais club ikabaki. Kila samedi, jumamosi, asubuhi banateremuka Beni, dimanche, jumapili, misa ikiisha banapanda Butembo. Wote na kofia za njano.

Basoda balikuwa bamezoea zile kofia. Mustari wa njano ukikuja, banatazama, banacheka, banafungua kamba. Kwa nini, sijui. Nafikiri mutu akivaa kofia sawa na wenzake anaonekana kama iko na mwenyewe wa kumuulizia.

Mimi niliingia club juu ya mutoto.

Masika nilimuzaa nikitoka tu kupata diplôme. Baba yake alivuka Uganda kutafuta maisha mbele mutoto hajatoka. Maisha haijaonekana, na yeye pia. Familia yake siijui. Hata mulango wao siujui.

Mu Butembo nilikuwa napanga chumba. Basoda bakakuja kukaa kwa masomo, yaani shule, ya pembeni, ukuta na ukuta na sisi. Mama yangu anakaa Mulekera, kule Beni. Akatuma neno: leta mutoto. Nikapeleka. Mimi nikarudi kushona, juu atelier ilikuwa Butembo na ile mashini njo ilikuwa inalisha wote watatu.

Donc mushike jambo moja, ingine yote inatoka hapo. Bila club, simuoni mutoto wangu.

Velo ilikuwa ya kaka yangu, ya course kabisa, na guidon, usukani, ya kupinda. Alioa, akanenepa, akaniachia.

Capitaine alikuwa Paluku, mwalimu wa gymnastique. Mutu wa sheria. Na nitasema ukweli hata kama sipendi: sheria zake zilikuwa nzuri.

Vendredi, ijumaa jioni, anafinya frein zako, breki, zote mbili na vidole vyake mwenyewe. Ukiwa unasimamisha velo kwa kubandika sandale kwa mupira, sawa batu wa mizigo, anakurudisha nyumbani, hata kama uko na kilio ya mazishi Beni.

Mustari moja. Hapana kwenda wawili wawili mukipiga story.

Kwa tambarare, kati yako na mwenye mbele nafasi ya velo moja. Kwa muteremuko, ya velo tatu.

Hapana kelele, hapana filimbi. Kelele ilikuwa inaita batu hatukuwatafuta. Tulikuwa tunasema kwa mikono. Mukono chini, upande huu ao huu: shimo. Mukono nyuma ya mugongo: mutu ao mbuzi pembeni. Mukono juu, kiganja wazi: tunasimama. Unaona ya mwenye mbele, unapeleka kwa mwenye nyuma. Inapita sawa ndoo ya maji nyumba ikiungua.

Asubuhi mbele ya kutoka tulikuwa tunasali Salamu Maria. Ba-Protestant banashika kofia mukononi, banangoja. Kisha mumoja wao anaomba ya kwao, murefu kuliko yetu, na jua inapanda. Tuache.

Sheria moja tu ilikuwa mbaya. Iliniangukia mimi, juu mwanamuke nilikuwa peke yangu.

"Capitaine, niweke mbele, ao niweke nyuma kabisa."

"Mama Masika, yai inawekwaka wapi mu kitunga?"

"Mimi siko yai."

"Katikati. Majani huku, majani huku. Njo inafika."

Bakacheka wote. Hata mwenye kuomba murefu alicheka.

Sasa wenye hawajaendesha kwa kikundi, mujue. Katikati haina usalama. Mwenye mbele anaona barabara. Mwenye nyuma anaona wote na anaweza kuachilia nafasi vile anataka. Wewe wa katikati unaona mugongo moja tu. Macho yako ni mukono wa ule mwenye iko mbele yako. Akisahau kuupandisha, wewe ni kipofu mwenye kukimbia.

Mugongo wangu ulikuwa wa Kasereka.

Kasereka ni kijana wa kuuzisha vitenge, anaendesha vizuri, anaimba chini chini njia yote. Mwezi ule alikuwa anaimba zaidi. Alikuwa anachumbia binti ya Kabasha, kijiji ya njiani, na mbuzi ya kwanza ya mahari ilikuwa imepokelewa. Tulijua habari ya ile mbuzi kuliko habari ya vita.

Ile samedi ilikuwa kiangazi. Vumbi, na mawe madogo yamelegea juu ya barabara. Tukafika kwa muteremuko wa Kabasha, kule unaanza kusikia joto ya Beni inapanda kwa miguu. Upande moja ukuta wa udongo, upande ingine migomba, chini sana.

Nilikuwa nimeacha nafasi. Velo tatu, hata zaidi. Mwenye nyuma yangu alisema vile kwa wote, kisha alisahau kusema kwa réunion, mukutano ya club, mutaona.

Kule chini muzee moja alikuwa anapanda kwa miguu, jembe kwa bega. Mimi sikumuona, juu mimi niko yai, niko mu majani. Niliona tu mukono wa Kasereka unatoka kwa guidon.

Nikatazama ule mukono. Utaenda chini? Shimo. Nyuma ya mugongo? Mbuzi. Juu? Tunasimama.

Ukaenda kwa kichwa. Ukatoa kofia.

Kutoa kofia haikuwa mu mikono yetu.

Ba mbali hamutaelewa, nieleze. Kwetu, mutu hapiti bokilo wake, yaani mukwe wake, akiwa juu ya velo. Anashuka. Anatoa kofia. Anainama kidogo, anasalimia, anangoja aulizwe habari. Ukipita juu, ile habari itasemwa mpaka siku ya ubatizo wa mutoto wako. Na kwa mutu mwenye mbuzi yake ya kwanza inakula majani kwa ule muzee, njo mbaya zaidi.

Kasereka akafinya frein na mukono wenye ulibaki, akatupa muguu chini, akasimama. Katikati ya mustari. Katikati ya muteremuko. Na heshima yote.

Nilifinya zote mbili. Mawe ikateleza. Nikaingia mu gurudumu lake, nikaruka juu ya guidon, nikaanguka na bega. Nikasikia mufupa, sawa kijiti kikavu. Mwenye nyuma yangu akakata kwa ukuta wa udongo, akabaki ameshikamana nao. Wengine bakapita pembeni, upande wa migomba, Mungu tu njo alibashika.

Nikiwa chini, mudomo umejaa vumbi, nikasikia sauti ya pole kabisa:

"Wabukire, tata."

Kasereka. Amesimama wima, kofia kwa kifua, anasalimia baba asubuhi njema kwa lugha yetu.

Muzee akajibu, "Eee, wabukire." Kisha akatazama juu ya bega la Kasereka. "Na ule mwanamuke iko na nini?"

"Ameanguka, tata."

"Aah. Banaendesha mbio sana."

Wakuu, nimeandika hii polepole. Kila neno ilikuwa vile.

Capitaine akafunga mukono wangu na kitenge, akaniweka kwa porte-bagage, kile chuma cha mizigo nyuma ya velo yake. Tukaenda mbele, juu kurudi Butembo ilikuwa mbali zaidi. Gurudumu langu lilikuwa limejipinda, mutu akalibeba shingoni.

Kila samedi mama yangu alikuwa anasimama kwa kona ya Mulekera na Masika mukononi. Mustari unapita, mutoto anatafuta. Kofia zote ni njano, na mimi niko katikati. Mara nyingi alikuwa ananiona nimekwisha kupita, anaanza kulia, narudi nyuma kumuchukua.

Ile siku niliteremuka kwa porte-bagage, uso umechubuka, mukono umefungwa. Nikamuita. Akafunika macho na kitenge ya mama yangu. Nikamuita tena. Akanionyesha mugongo.

"Muache kwanza," mama akasema. "Ukinawa uso atakujua."

Nikanawa. Hakunijua mpaka kesho yake.

Mufupa nilikubali. Ile sikukubali.

Nilikaa kwa mama mpaka bega likashika. Kisha dimanche moja club ikanipandisha Butembo kwa porte-bagage, sawa mufuko wa maharagi. Dimanche ya kufuata ikakuwa réunion, mu chumba cha masomo, nyuma ya misa.

Nilifikiri tunaenda kusikiliza Kasereka anaomba musamaha. Nilikuwa mujinga.

Capitaine akasoma sheria: mwenye kugonga nyuma njo mwenye kosa, hakuacha nafasi. Mwenye alikuwa nyuma yangu, ule wa ukuta, akatazama viatu vyake. Kasereka akasimama, akasema:

"Mulitaka nifanye nini? Nipite baba ya bibi yangu sawa napita mbuzi?"

Batu bakatikisa vichwa. Kijana ya heshima. Mumoja akasema yule muzee alisifu club nzima kwa ile salamu.

Ikasemwa mama Masika akae kwanza nyumbani mpaka akili itulie. Mbele ya Noël batatazama tena.

Mutoto mwenye amesahau uso wangu kwa sababu ya vumbi, mpaka Noël atasahau jina.

Nikasimama. Sikulia, na sikupiga kelele.

"Capitaine, mu mikono yetu, ya shimo ni gani?"

Akaonyesha.

"Ya mbuzi?"

Akaonyesha.

"Ya bokilo?"

Akabaki na mukono hewani.

Papa Kakule, fundi wa velo wetu, mutu mukubwa, akanijibu kwa nafasi yake. "Na wewe utajua nini ya bokilo, mama Masika? Kwenu hata mbuzi moja haijalia."

Kuna mwenye alikohoa.

Nilimuangalia papa Kakule mpaka akashusha macho. Kisha nikasema hivi, karibu neno kwa neno.

"Papa, ni kweli. Mais muliniweka katikati, mukanipa kazi ya kutazama migongo yenu. Nimeitazama. Wewe, tukifika Maboya kwa nyumba yenye mulango ya bleu, unatoaka mouchoir unafuta uso, kila samedi, mpaka nyumba ipite. Uso wako unatokaka jasho mbele ya nyumba ya mama mukwe tu? Na unafuta na mukono ya frein."

Mutu akaanza kucheka nyuma.

"Capitaine, wewe mupira wako unapunguka upepo kila samedi pahali pamoja, kwa ule muti wa parachichi. Unashuka, unasukuma velo mpaka nyumba ya bokilo wako ipite, kisha mupira unapona. Na wewe mwenye kucheka, wewe unageuza kichwa unatazama migomba, hata kama kuna virage, kona kali, mbele. Niendelee?"

"Hapana kuendelea," capitaine akasema.

"Hakuna mutu kati yenu hana bokilo kwa ile barabara. Kila mutu anamuficha sawa pombe. Kasereka hakuficha, alishuka tu, na mimi nikavunjika. Samedi ingine itakuwa mwingine, na kule chini ya migomba hatutamufunga na kitenge, tutamufunika nayo."

Kasereka akasema, "Donc tusisalimie?"

"Musalimie. Mais bokilo ni sawa frein. Iangaliwe vendredi. Mwenye iko na bokilo kwa kipande fulani ya barabara aseme, na akifika ile kipande arudi nyuma, mukia kabisa. Kule ashuke, atoe kofia, apige magoti, akae kula, hakuna mutu atamugonga. Na mwenye mbele asalimie kwa jina la wote."

Capitaine akafikiri. Yeye ni mutu wa sheria, nimesema, na sheria ikikuwa nzuri anaiona hata kama inatoka kwa yai. Akachukua chaki, akachora barabara kwa ubao, Butembo huku, Beni huku. Akaita mumoja mumoja.

Maboya: yeye, papa Kakule, na wengine. Mukia.

Kabasha: Kasereka, na ndugu zake wawili kumbe balioa kule. Mukia.

Ikaendelea vile. Ubao ukajaa majina nyuma, na mbele hakuna kitu. Mutu akiwa huru Maboya, amefungwa Kabasha. Akiwa huru Kabasha, dada ya bibi yake ameolewa kwa barrière ya Beni.

"Bon," capitaine akasema. "Donc nani hana bokilo barabara nzima?"

Batu bakatafuta kwa ubao. Mwisho papa Kakule mwenyewe, polepole, bila kunitazama:

"Ni ule tu mwenye nilisema hana mbuzi."

Wote bakageuka.

Capitaine akaniuliza, "Bega limepona?"

"Limepona."

"Frein zako niangalie vendredi."

Njo vile tu. Musamaha sikupewa, na mpaka leo sijapewa. Papa Kakule alininyoosha gurudumu bila neno, akaliweka mbele ya mulango wangu asubuhi, akaenda.

Samedi ya kwanza mbele, nilisikia uoga, sitadanganya. Mbele hakuna mugongo wa kujificha. Kila shimo ni lako kulitangaza, na nyuma yako kuna batu wenye maisha yao inatoka kwa mukono wako. Kwa barrière ni mimi njo nilisimama wa kwanza, ni mimi nilitazama musoda mu macho. Akatazama kofia, akanitazama, akasema na Lingala yake kitu kuhusu mwanamuke mbele. Akafungua kamba.

Mwanzo wa muteremuko wa Kabasha nikaonyesha mukono, vile tulipatana. Nyuma, Kasereka na ndugu zake bakajitoa mu mustari, bakaachilia wote bapite. Ilifanyika bila sauti, muzuri kabisa.

Na muzee alikuwa pale. Sijui anafanyaka nini samedi, jembe lile halimalizi kupanda.

Nikapunguza mwendo, nikainama juu ya guidon, nikasema kwa nguvu ya kusikika:

"Wabukire, tata. Tunakusalimia wote."

Alinitazama, alitazama ule mustari murefu nyuma yangu, hakuna mwenye alishuka. Nikafikiri atatema mate.

"Wabukire, mama," akasema. "Mwende polepole."

Kisha nyuma kabisa nikasikia velo ya Kasereka inasimama, na sauti yake ya pole. Salamu ni yake, mufupa wangu haumo tena.

Mu Mulekera, mama alikuwa kwa kona. Niliona mudomo wa Masika unafunguka kutafuta mu njano, sawa siku zote, na sasa hakukuwa na kitu cha kutafuta. Kofia ya kwanza kutokea ilikuwa ya kwangu. Akanyoosha mikono yote miwili mbele hata sijafinya frein.

Niliendesha mbele mpaka magari ilirudi kidogo kidogo na basoda ba pembeni bakahama. Sasa Masika anakaa na mimi.

Nilijifunza nini? Nafasi kati ya velo ni nzuri, frein ni nzuri, mikono ni nzuri. Mais club inavunjika mifupa kwa kitu chenye wote banajua na hakuna mwenye anasema. Kwetu ilikuwa bokilo. Kwenu sijui ni nini: mukubwa mwenye haonywi, rafiki mwenye anakunywa mbele ya kupanda. Muiweke kwa ubao mbele ya kutoka. Na mwanamuke mwenye munamuweka katikati kwa kumuchunga, mumuulize kwanza kama anaona barabara.

Wenye munaendesha kwa kikundi, niambieni: kwenu mutu akikutana na mukwe kwa muteremuko anafanya nini? Na mwenye anafikiri kosa ilikuwa yangu aandike pia, nitamujibu.

Masika ameamuka, anavuta nywele. Nakata.